Karani wa kuchambua barua posta ya Marekani: dola ngapi hasa, na zinatoka wapi?

Swali: "Shikamoo. Niko Dallas, huu ni mwaka wangu wa pili Marekani, na nina kadi ya ukaazi wa kudumu. Nafanya kazi kwenye ghala la mizigo kwa dola 18 kwa saa. Nimeona tangazo la USPS, wanatafuta karani wa kuchambua barua wa aina wanayoiita PSE, dola 20 na senti kadhaa kwa saa. Shemeji yangu yuko posta kwa kazi hiyohiyo na anasema kwa wiki mbili anapata kama dola 2,900 kabla ya makato. Mtu wa kanisani kwetu naye ni karani, tena kituo kilekile, lakini anasema Februari iliyopita alipata chini ya 1,300 kwa wiki mbili. Nani anasema kweli? Na mshahara huo unategemea nini? Nataka kujua kabla sijaacha kazi niliyo nayo."

Marahaba, mwanangu. Wote wawili wanasema kweli, na kazi yao ni moja. Ukiwakuta usiku kwenye mashine ya kuchambua barua, mmoja analisha barua upande huu, mwingine anazoa kwenye vijumba na kuzipanga kwenye trei, hutajua yupi ni yupi. Mashine yenyewe inapitisha barua zaidi ya 30,000 kwa saa, kwa hiyo hakuna anayepata nafasi ya kukaa. Nimesimama pale usiku mwingi, na baadaye nikawa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, mtu ambaye wenzake wanamletea slipu za mshahara na kumuuliza, "Hebu nisomee hapa." Jibu langu linatoka kwenye slipu hizo.

Shemeji yako ni mwajiriwa wa kudumu. Huyo wa kanisani ni PSE, yaani wa muda. Hapo ndipo pesa zinapogawanyika kabla hujafika hata kwenye saa za kazi.

Tuanze na huyo wa muda, maana ndiye utakayekuwa wewe. PSE huajiriwa kwa kipindi cha siku 360, anapumzishwa siku tano, kisha anaweza kuajiriwa tena. Analipwa kima kimoja cha saa, hakuna ngazi za kupanda. Jambo ambalo tangazo halikwambii kwa sauti ni kwamba hajahakikishiwa saa 40 kwa wiki. Anaitwa kazi ikiwepo. Tuchukue dola 20 kamili ili hesabu iwe rahisi. Februari barua na vifurushi vimepungua, anapangiwa saa 32 kwa wiki. Kwa wiki mbili ni saa 64, dola 1,280. Ndiyo ile "chini ya 1,300" uliyoisikia. Sasa mwangalie mtu huyohuyo Desemba, vifurushi vya Krismasi vimejaa hadi mlangoni, anafanya saa 56 kwa wiki. Saa 40 za kwanza ni dola 800. Saa 16 za ovataimu, kwa mara moja na nusu, ni dola 480. Jumla dola 1,280 kwa wiki moja. Kile alichopata Februari kwa wiki mbili, Desemba amekipata kwa siku sita au saba. Mtu akikutajia mshahara wake wa posta, muulize kwanza ni wa mwezi gani.

Sasa shemeji yako. Sijaiona slipu yake, lakini nimeziona nyingi zinazofanana nayo, na naweza kukujengea 2,900 hiyo kipande kwa kipande. Tuseme yuko dola 28 kwa saa. Saa 80 kwa wiki mbili ni dola 2,240. Zilizobaki, dola 660 hivi, zinatoka kwenye mistari mitatu ya slipu ambayo watu wengi hawaisomi: usiku, Jumapili na ovataimu.

Nyongeza ya usiku inalipwa kwa saa zilizo kati ya saa kumi na mbili jioni na saa kumi na mbili asubuhi. Kwetu sisi hilo ni rahisi kukumbuka, ni usiku wa Waswahili kamili, mwanzo hadi mwisho. Si asilimia ya mshahara. Ni kiasi kilichopangwa kwa kila daraja na kila hatua, na PSE naye anakipata, ingawa chake ni kidogo. Zamu ya kawaida ya usiku inaingia saa nne usiku na kutoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nusu saa ikiwa ya chakula bila malipo. Katika saa nane anazolipwa, saa saba na nusu ni za usiku na ile nusu saa ya mwisho tayari ni mchana. Kwa mfano wetu tukichukua dola moja na nusu kwa saa, zamu kumi zinampa dola 112 na senti 50.

Nyongeza ya Jumapili ndiyo iliyonona, na ndiyo inayowatenga wa kudumu na wa muda. Ni asilimia 25 ya kima cha saa, na PSE haimhusu. Kanuni yake inawapendelea watu wa usiku: zamu ikigusa Jumapili hata kidogo, saa zake zote hadi nane zinahesabiwa. Aliyeingia Jumamosi saa nne usiku, saa sita usiku inapogonga Jumapili imemkuta kazini, kwa hiyo zamu yote ni ya Jumapili. Akirudi Jumapili saa nne usiku na kutoka Jumatatu asubuhi, zamu hiyo nayo ni ya Jumapili. Zamu mbili kila wiki. Robo ya dola 28 ni dola 7, mara saa nane ni dola 56 kwa zamu, mara zamu nne kwa wiki mbili ni dola 224. Kwa mwaka mzima, hata ukitoa likizo, inapita dola 5,000. Nimewajua makarani walioachia zamu ya mchana waliyoisubiri kwa miaka kwa sababu ya mstari huo mmoja. Nimewajua pia waliofanya kinyume chake, kwa sababu ibada yao ni Jumapili na watoto wako nyumbani Jumapili. Siwezi kusema nani kati yao alikosea.

Tumefika dola 2,576 na senti. Ongeza siku moja ya mapumziko aliyoitwa kazini katika wiki hizo mbili: saa nane kwa dola 42, ambayo ni 28 mara moja na nusu, ni dola 336. Jumla 2,912. Hiyo ndiyo 2,900 yake, na hakuna uongo ndani yake. Lakini kima chake cha saa kinampa 2,240 tu, na kinachozidi hapo kinategemea azidi kufanya kazi usiku na mwishoni mwa wiki. Akiugua mwezi mmoja au akihamia mchana, mshahara unashuka bila mtu yeyote kumpunguzia kitu.

Kuhusu ovataimu kuna jambo moja zaidi. Posta inailipa mtu akizidisha saa nane kwa siku, si saa 40 kwa wiki tu kama ilivyo ghalani kwako. Mfanyakazi wa kudumu akivuka saa kumi katika siku yake ya kawaida anaingia kwenye malipo ya mara mbili, isipokuwa katika majuma ya msimu wa Desemba, ambapo kanuni hiyo imesimamishwa kwa makubaliano. Wa kudumu anajiandikisha mwenyewe kwenye orodha ya wanaotaka ovataimu, kila robo ya mwaka. Wa muda hana orodha, anapangiwa tu.

Nikuoneshe kitu kidogo ambacho kinawasumbua wageni wote. Saa za posta hazina dakika 60. Saa imekatwa vipande 100. Ukigonga kadi yako saa nne na nusu usiku, mashine inaandika 22.50, na ile 50 ni nusu saa, si dakika hamsini. Robo saa ni 25. Kijana mmoja aliniletea slipu akitetemeka, amehesabu kwa dakika na kuona kuwa ameibiwa karibu saa nne katika wiki mbili. Tulikaa kwenye meza ya chumba cha chakula tukaibadilisha siku moja baada ya nyingine, na hesabu ikatoka sawa hadi senti. Wiki chache baadaye akaniletea nyingine, safari hii kahesabu kwa mia, na kweli zamu moja ya usiku haikuandikwa. Tuliifuatilia, akalipwa. Nunua daftari. Andika ulivyoingia, ulivyokwenda kula, ulivyorudi, ulivyotoka. Mambo manne kila zamu.

Sasa kima chenyewe cha saa kinatoka wapi? Si kwa bosi wa kituo, na si kwa ujuzi wako wa kujipigia debe kwenye usaili. Karani wa kuchambua barua yuko daraja la 6 katika jedwali la mishahara linalojadiliwa na chama chetu cha wafanyakazi wa posta, APWU, na karani kiongozi yuko daraja la 7. Ndani ya daraja kuna hatua, na wa kudumu anapanda hatua kwa kupita kwa muda, kila mara baada ya idadi maalumu ya wiki, mradi kazi yake haina dosari kubwa. Kuna jedwali mbili. Waliopata kazi ya kudumu kabla ya tarehe 23 Mei 2011 wako kwenye ile ya zamani. Waliokuja baada ya hapo, na wewe utakuwa mmoja wao, wanaanzia kwenye hatua za chini zaidi zilizoongezwa wakati huo. Ndiyo maana watu wawili wa daraja moja, mashine moja, zamu moja, wanaweza kutofautiana kwa maelfu ya dola kwa mwaka. Wa kudumu anayeanza leo yuko mbali chini ya aliye kileleni mwa jedwali la zamani, ambaye anapita dola 70,000 kwa mwaka kabla ya usiku, Jumapili na ovataimu.

Juu ya hatua kuna nyongeza ya jumla ya kila mwaka, kwa mfano asilimia 1.3 kila Novemba katika mkataba wa 2021 hadi 2024, na PSE waliongezewa asilimia moja zaidi juu ya hiyo. Ile ya ziada kwa PSE ilikuwa na sababu: wao hawapati nyongeza ya gharama ya maisha. Wa kudumu wanaipata mara mbili kwa mwaka, inafuata namba ya serikali ya bei za bidhaa ya Januari na ya Julai. Miaka bei zilipopanda kwa kasi, nyongeza hiyo ilizidi sana ile ya asilimia 1.3.

Haki hizi hazikushuka tu kutoka juu. Machi 1970 mfanyakazi wa posta alianzia dola 6,176 kwa mwaka na kuchukua miaka 21 kufika 8,442, na familia nyingi New York zilikuwa zinaishi kwa msaada wa serikali huku baba akifanya kazi ya serikali. Waligoma, ingawa sheria ilikataza. Mgomo ulianzia New York tarehe 18 Machi, ukasambaa hadi watu zaidi ya 200,000, na Rais Nixon akatuma wanajeshi wakachambue barua. Hawakuweza kazi hiyo. Ndani ya mwaka huohuo ikapitishwa sheria iliyozaa USPS ya leo na kuwapa wafanyakazi haki ya kujadiliana mshahara. Kugoma bado ni marufuku. Pande mbili zikishindwa kuelewana, msuluhishi huru anaamua. Ninaposoma mstari wa nyongeza kwenye slipu ya mtu huwa nawakumbuka watu wale.

Umeniuliza mshahara unategemea nini, na huenda ulitarajia niseme mji. Hapa posta ni tofauti na kazi nyingi za Marekani. Kima ni kimoja nchi nzima. Karani wa San Francisco na wa mji mdogo wa Mississippi, wakiwa hatua moja, wanalipwa sawasawa hadi senti. Nyongeza za eneo zipo kwa Alaska, Hawaii na visiwa kama Puerto Rico na Guam, basi. Kwa hiyo mshahara uleule ni wa shida mahali pamoja na wa heshima mahali pengine. Wewe uko Texas, ambako hakuna kodi ya jimbo kwenye mshahara, na hiyo ni faida ambayo mwenzako wa California hana. Kodi ya taifa na asilimia 7.65 ya hifadhi ya jamii na Medicare, bima ya afya ya wazee, mtakatwa wote.

Kuna pia makarani wa barua nje ya USPS, kwenye kampuni zinazopanga barua za benki na bima, kwenye vyuo na kwenye ofisi kubwa. Huko hakuna jedwali la taifa, mshahara unafuata jimbo na mwajiri, na kwa kawaida uko chini sana ya huu.

Sasa nikwambie kile ambacho mimi nakiona ndicho kikubwa, kuliko dola 20 na kuliko 2,900. Ni tarehe ya kugeuzwa kuwa wa kudumu. Siku hiyo ndiyo unaanza kupanda hatua. Ndiyo siku Jumapili inaanza kukulipa, na likizo ya ugonjwa inaanza kujikusanya, saa nne kila wiki mbili. Serikali inaanza kukuwekea kwenye akiba ya uzeeni, TSP: asilimia 1 hata usipoweka kitu, na hadi asilimia 5 ukiweka 5 yako. Utakatwa asilimia 4.4 ya pensheni ya FERS, na usiichukie, ni yako. Lakini sikiliza kwa makini: muda uliofanya kama PSE hauhesabiwi kwenye pensheni hiyo, wala huwezi kuununua baadaye. Mwaka mmoja wa kuchelewa kugeuzwa ni mwaka mmoja uliopungua kwenye uzee wako. Mkataba wa 2021 hadi 2024 uliweka kwamba PSE wa ofisi kubwa akifikisha miezi 24 ageuzwe, na vituo vingi vya kuchambua barua ni ofisi kubwa. Wengine hugeuzwa mapema zaidi, pale wazee wanapostaafu. Wengine wanafukuzwa kabla, na sababu ninayoiona mara nyingi kuliko zote ni kutofika kazini. Miezi ya mwanzo ni ya majaribio. Usichelewe hata siku moja.

Baada ya kugeuzwa, ukongwe kazini ndio unaotawala. Zamu na siku za mapumziko zinagombewa kwa tarehe: aliyetangulia anachagua kwanza. Mchana na Jumapili nyumbani ni vya wakongwe. Wewe utapewa usiku, na mapumziko Jumanne na Jumatano, kwa miaka. Nyongeza za usiku na Jumapili zitakuwa zako utake usitake.

Na barua zenyewe? Barua za daraja la kwanza zilifika kilele mwaka 2001, zaidi ya bilioni 103, na kufikia 2023 zilikuwa kama bilioni 46. Vifurushi vimeongezeka, vituo vinaunganishwa, kazi inahama kutoka mashine za barua kwenda mashine za vifurushi, ambavyo vinaruhusiwa kufika ratili 70 kimoja. Wa kudumu aliyetimiza miaka sita analindwa asipunguzwe kazi, ingawa anaweza kuhamishiwa kituo kingine. Wa muda hana ulinzi huo. Ni sababu nyingine ya kuitafuta tarehe ile.

Kwa hiyo, uache kazi ya ghala? Kwa dola mbili za tofauti peke yake, mimi nisingeiacha, kwa sababu saa 40 za uhakika kwa dola 18 ni dola 720 kwa wiki, na saa 32 za posta kwa 20 ni 640. Utakwenda posta kwa ajili ya miaka inayofuata, na lazima uwe umejiandaa kuvuka miezi ya mwanzo. Ukiwa na akiba ya miezi miwili mitatu ya kodi ya nyumba, nenda. Ukiwa huna, omba hata hivyo, halafu uliza mambo mawili siku ya usaili: PSE wa kituo hiki walipangiwa saa ngapi kwa wiki mwezi Februari, na aliyegeuzwa mwisho alikaa muda gani. Muulize na yule wa kanisani kwenu. Jibu lake ni karibu zaidi na maisha yako ya mwaka ujao kuliko la shemeji.

Ukishatuma maombi utapokea barua pepe ya mtihani namba 476, unaofanywa kwenye kompyuta nyumbani, na siku za kuumaliza ni chache mno, kwa hiyo fungua barua pepe yako kila asubuhi. Na ukipata slipu ya kwanza, tazama kama mstari wa usiku upo.